Ufunguo mmoja, mkunga mmoja: uchambuzi wa kisa cha zahanati ya kijijini yenye upungufu wa watumishi

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wasimamizi wa huduma za afya, wajumbe wa kamati za zahanati na watumishi wanaopangiwa vituo vya mbali. Majina, mahali na mwaka vimeondolewa, na hesabu zimezungushwa ili kituo kisitambulike.

## Hali ilivyokuwa

Zahanati ilihudumia watu wapatao 9,000 waliotawanyika katika vijiji vitano. Ikama yake, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, ilikuwa na nafasi saba: matabibu wawili, wauguzi wakunga watatu na wahudumu wa afya wawili. Kwenye kumbukumbu za wilaya, nafasi sita zilihesabiwa kuwa zimejazwa. Kituoni walikuwepo wanne: tabibu mmoja, mkunga mmoja na wahudumu wawili, wote wawili wenyeji wa hapo. Wakunga wengine wawili waliishi kwenye orodha ya mishahara tu. Mmoja alikuwa masomoni. Mwingine alikuwa "ameazimwa" na hospitali kwa miezi mitatu, na miezi hiyo mitatu ilikuwa imefikia ishirini na mbili.

Hospitali ilikuwa umbali wa kilomita 60, mwendo wa saa mbili na nusu barabara ikiwa kavu. Kituo cha afya cha jirani kilikuwa kilomita 35, upande wa pili.

Kwa mwaka zahanati ilipokea wagonjwa wa nje 9,600 na kuzalisha akina mama 180. Kliniki ilikuwa na mahudhurio ya kwanza ya wajawazito 300 na ya marudio 900. Watoto walioletwa kupimwa uzito na kuchanjwa walifika 3,600, waliokuja baada ya kujifungua 360, na waliofuata uzazi wa mpango 720. Ukiondoa wagonjwa wa nje, kazi hiyo yote ilikuwa mikononi mwa mkunga mmoja.

Shirika la Afya Duniani, katika mkakati wake wa mwaka 2016, lilitumia kipimo cha madaktari, wauguzi na wakunga 4.45 kwa kila watu 1,000. Wilaya ilikinukuu katika kila barua ya kuomba watumishi. Kipimo hicho ni cha nchi nzima, hospitali zote zikiwamo. Ukikipeleka kwenye zahanati kama kilivyo utapata watu 40, na barua inayoomba watu 40 kwa ajili ya zahanati huishia kwenye faili.

## Usiku wa ufunguo

Mwezi wa nne wa mwaka huo mkunga aliitwa mjini kwa mafunzo ya siku tatu. Mada ilikuwa ujazaji wa rejesta.

Siku ya pili, saa mbili usiku, aliletwa mjamzito wa mimba ya kwanza, miezi minane. Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu asubuhi na alisema anaona ukungu. Mhudumu wa zamu alimpima presha kwa mashine ya kidijitali: 170/110. Alijua kwamba hiyo ni hatari, na alifanya alichoweza. Alimlaza kwa ubavu wa kushoto, akamtuma kijana wa pikipiki kwa tabibu, ambaye nyumba yake ilikuwa sehemu isiyo na mtandao wa simu.

Tabibu alifika saa tatu kasoro dakika kumi. Dawa iliyohitajika, magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba, ilikuwepo, chupa kumi na nane, kwenye kabati la wodi ya uzazi. Ufunguo wa kabati ulikuwa kwenye mkoba wa mkunga, kilomita 60 kutoka hapo. Saa tatu na dakika kumi mama alipata degedege. Kufuli likavunjwa saa tatu na dakika ishirini na tano. Kilichochelewesha kuvunja hakikuwa ugumu wa kufuli: kila chupa ya kabati lile husainiwa, na tabibu alihofia ukaguzi.

Kisha likaja tatizo la kuchanganya. Chupa zilikuwa za asilimia 50, mililita 10, yaani gramu 5 kila moja. Tabibu alikuwa na miaka miwili hajaitumia dawa hiyo, na mara ya mwisho aliyoitumia ilikuwa ya chupa ndogo za mililita 2 zenye gramu 1. Karibu aichome mshipani bila kuizimua. Mhudumu ndiye aliyekumbuka kwamba kuna bango la maelekezo. Lilikuwa ukutani, limefunikwa na kalenda. Dozi ya kuanzia ilikamilika saa nne kasoro dakika kumi. Gari la wagonjwa liliondoka saa nne na nusu na kufika hospitali saa saba usiku. Mama alipona. Mtoto alizaliwa amefariki.

Wiki mbili baadaye mkunga aliandika barua ya kuomba uhamisho.

## Kupima saa kabla ya kuomba watu

Hatua ya kwanza ya timu ya wilaya ilikuwa ya kawaida: kutaka kumjibu mkunga kwamba hakuna wa kumbadili. Mratibu wa huduma za mama na mtoto aliomba kwanza wapewe wiki mbili. Kila mtumishi alipewa daftari lenye visanduku vya dakika kumi na tano, akawa anaweka alama ya anachofanya. Mstari wa mwisho wa kila ukurasa uliuliza: usiku uliopita umeamshwa?

Mkunga alitumia saa 142 kazini katika wiki mbili ambazo kisheria zilikuwa za saa 80. Kati ya hizo, saa 36 hazikuwa za mgonjwa yeyote: 19 za rejesta na ripoti, 9 za kufuata chanjo na kuhesabu dawa, 8 za kuosha na kuchemsha vifaa. Hiyo ni robo ya muda wake. Usiku alioulala bila kuamshwa ulikuwa mmoja kati ya kumi na nne.

Hesabu iliyofuata ilifuata WISN, mbinu ya Shirika la Afya Duniani ya kukadiria watumishi wanaohitajika kwa kupima mzigo wa kazi, iliyotoka mwaka 1998 na kuboreshwa mwaka 2010. Inakwenda hivi. Mwaka una siku za kazi 260. Ukitoa likizo, sikukuu, ugonjwa na mafunzo, hapa zilibaki 200, sawa na saa 1,600. Kila kazi hupewa muda unaostahili ikifanywa vizuri: hudhurio la kwanza la mjamzito dakika 40, la marudio 20, uzazi mmoja kuanzia uchungu hadi mama kutulia saa 7, mama baada ya kujifungua dakika 20, mtoto dakika 8, uzazi wa mpango dakika 15. Ukizidisha kwa idadi za mwaka unapata saa 2,540. Gawanya kwa 1,600: 1.59. Kwa kuwa robo ya muda inakwenda kwenye kazi zisizo za mgonjwa, gawanya tena kwa 0.75. Jibu ni wakunga 2.1. Aliyekuwepo ni mmoja.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo vituo vidogo hudanganyika. Kiti kimoja kinachotakiwa kuwa na mtu usiku na mchana kina saa 8,760 kwa mwaka. Gawanya kwa 1,600 upate watu 5.5. Kwa mzigo wa kazi zahanati ilihitaji wakunga wawili. Kwa ahadi ya "tupo saa 24" ilihitaji watano na nusu. Pengo hilo halikuandikwa popote. Lilikuwa likilipwa kwa usingizi wa mtu mmoja.

## Maamuzi na sababu zake

Ufunguo. Huu ulishughulikiwa siku ya kwanza. Dawa za dharura zilitolewa kwenye kabati na kuwekwa kwenye kisanduku chenye lakiri ya plastiki yenye namba. Yeyote wa zamu anaweza kuikata, na namba huandikwa kwenye daftari la makabidhiano kila zamu. Ndani: chupa tatu za magnesiamu salfeti za gramu 5, maji ya sindano chupa mbili za mililita 10, lignokaini (dawa ya ganzi) asilimia 2, kalsiamu glukoneti asilimia 10 chupa moja, mabomba ya sindano ya mililita 20 na 10, kanula, mpira wa mkojo na mfuko wake, nyundo ya kupima goti. Oksitosini, dawa ya kuzuia mama kutokwa damu baada ya kujifungua, haikuwekwa humo kwa sababu hukaa friji, nyuzi 2 hadi 8. Badala yake kifuniko kilibandikwa karatasi inayosema ilipo.

Kifuniko hicho hicho kilibeba maelekezo kwa herufi kubwa. Gramu 4 mshipani: vuta mililita 8 za dawa, ongeza mililita 12 za maji, choma polepole kwa muda usiopungua dakika 5. Kisha gramu 5 kila tako, ukichanganya na mililita 1 ya lignokaini. Jumla gramu 14. Mshipa ukikosekana, choma za matakoni tu na usafirishe. Kabla ya dozi yoyote inayofuata, pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liitike, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Pumzi zikisimama, msaidie kupumua na mpe kalsiamu glukoneti gramu 1 mshipani, taratibu.

Kila mwezi yalifanyika mazoezi kwa kutumia maji. Mara ya kwanza, kutoka kukata lakiri hadi sindano ya mwisho, ilichukua dakika 26. Mara ya nne, 11.

Kuondoa kazi zisizo za mkunga. Mama mmoja aliyejifungua alikuwa akiandikwa mahali panne tofauti. Kamati ya zahanati ilimlipa kijana aliyemaliza sekondari aandike sehemu za utambulisho na kupima uzito wa watoto. Mkunga anajaza sehemu ya kitabibu na kusaini. Chanjo zilianza kuletwa na gari la huduma za mkoba mara moja kwa mwezi. Wahudumu walifundishwa kutakasa vifaa kwa mvuke, nyuzi 121 kwa dakika 30 vikiwa vimefungwa, saa ikiwekwa mbele yao badala ya kukisia. Muda usio wa mgonjwa ulishuka hadi asilimia 12, na mtoto aliyehitaji dakika 8 za mkunga sasa alihitaji 4. Hesabu ile ile ikatoa wakunga 1.6 badala ya 2.1. Nusu ya mtu imepatikana bila kuajiri.

Mlango. Alipoulizwa nini kingemfanya abaki, mkunga hakutaja fedha kwanza. Nyumba yake ilikuwa mita kumi na tano kutoka wodini, na watu walimgongea mlango usiku kwa kikohozi. Kengele ilihamishiwa chumba cha mhudumu wa zamu, pamoja na orodha ya mambo saba ya kumwamsha mtaalamu bila kuuliza: uchungu wa kuzaa, kutokwa damu, degedege, kuzimia, kupumua kwa shida, homa kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, na mjamzito mwenye maumivu makali ya kichwa au anayeona ukungu. Kingine chochote, mhudumu anamsikiliza kwanza. Kamati iliongeza tanki la maji la lita 1,000, taa za sola na kitasa kinachofunga.

Kupokezana. Wakunga wawili wa kituo cha afya cha jirani walikubali kuja kwa zamu, kila mmoja wikiendi moja kwa mwezi, kuanzia Ijumaa mchana hadi Jumatatu asubuhi. Mkunga aliondoka kijijini kabisa, simu imezimwa. Sharti hilo la kuondoka lilipingwa na baadhi ya wajumbe, ila bila hilo angeitwa tu.

Nafasi iliyoazimwa. Barua zilikwishashindwa. Safari hii jedwali la saa 8,760 liliambatishwa, na ombi likawa moja: mrudisheni huyu mmoja au mhamishie mshahara wake hospitali ili nafasi ionekane wazi. Hospitali ikachagua la pili. Mkunga mpya alipangwa mwezi wa tisa tangu mpango uanze, kwa mkataba wa miaka miwili wenye tarehe ya mwisho iliyoandikwa.

Mipaka ya kukasimu. Wahudumu waliruhusiwa kupima presha, uzito na mzingo wa mkono, na kama mtoto amezaliwa kabla ya mkunga kufika, kumpa mama misoprosto, dawa ya kuzuia kutokwa damu, mikrogramu 600 kwa kumeza baada ya kuhakikisha hakuna pacha tumboni. Kupima njia ya uzazi, kuchoma magnesiamu na kuamua nani aende nyumbani vilibaki kwa wataalamu.

## Matokeo ya mwaka mmoja

Siku ambazo kituo hakikuwa na mkunga wala tabibu zilishuka kutoka 31 kwa nusu mwaka hadi 6. Waliojifungulia kituoni walipanda kutoka 180 hadi 214. Walipatikana akina mama watano wenye presha kali au kifafa cha mimba. Wanne walipata dozi kamili kabla ya gari kuondoka. Wa tano alifika siku mbili baada ya wa nne, na kisanduku kilikuwa hakijajazwa upya. Mkunga aliondoa ombi lake la uhamisho mwezi wa saba.

Tabibu aliondoka mwezi wa kumi na moja.

## Kilichofanya kazi, na kwa nini

Kisanduku kilikuwa hatua ya bei ndogo kuliko zote, na ndicho kilichogusa maisha ya watu moja kwa moja. Kasoro yake ilikuwa upande wa kujaza. Kanuni ilisema kijazwe "mapema iwezekanavyo", maneno ambayo kazini humaanisha wiki ijayo. Ilibadilishwa: kisanduku cha pili kilichojaa hukaa stoo, na kilichotumika hubadilishwa kabla zamu haijakabidhiwa.

Wikiendi za kupokezana ndizo zilizombakiza mkunga kwa miezi yote ile kabla mwenzake hajaja. Karibu zife mwezi wa tatu. Posho ililipwa baada ya safari, kwa fomu iliyopita ofisi tatu, na mmoja wa wakunga wa jirani akakataa kurudi. Zilipookolewa ni pale kituo cha afya kilipopewa fedha ya kutanguliza, ikalipwa Ijumaa kabla ya pikipiki kuwashwa. Wanaopanga mipango ya namna hii hujadili kiwango cha posho kwa wiki kadhaa na kusahau siku ya malipo, wakati mtu wa kituo cha mbali huitazama siku kwanza.

Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu kuwabakiza watumishi vijijini, ya mwaka 2010 na yaliyoboreshwa 2021, yanataja mambo mengi kwa pamoja: kuwachukua masomoni vijana waliokulia vijijini, nyumba, motisha, mikataba, msaada wa kitaaluma. Kisa hiki kinaunga mkono hilo la pamoja. Wahudumu wawili wenyeji hawakuwahi kuomba kuhama hata katika miezi mibaya. Lakini nyumba peke yake isingetosha, wala mkataba peke yake. Mkataba bila usingizi ni tarehe ya kuondoka iliyoandikwa mapema.

## Kilichoshindikana

Mipaka ya kukasimu iliteleza. Kufikia mwezi wa sita mhudumu mmoja alikuwa amezalisha akina mama tisa peke yake usiku, bila kumwamsha mkunga, kwa sababu alimwonea huruma na kwa sababu familia zilimfahamu. Hakuna aliyelalamika. Lililofichua ni partografu, chati ya kufuatilia uchungu wa kuzaa: nukta zote za saa sita za uchungu ziliwekwa kwa wino mmoja, mkandamizo mmoja, mapigo ya moyo wa mtoto 140 kila mara, bila kuyumba hata moja. Ilikuwa imejazwa baada ya mtoto kuzaliwa. Hakuadhibiwa, na uamuzi huo ulikuwa sahihi. Angeadhibiwa, partografu zingeanza kuyumba kwa ustadi. Badala yake mkunga aliomba aamshwe kwa kila uchungu, na kliniki ya asubuhi inayofuata ikaanza saa nne.

Simu ya ushauri na hospitali ilifanya kazi wiki sita. Namba ilikuwa ya daktari mmoja mwenye moyo. Alipoenda likizo hakuna aliyepokea. Baadaye simu ikawa ya wodi, inayokabidhiwa kila zamu pamoja na funguo za dawa. Wahudumu wa jamii kumi na wawili waliopewa mafunzo walibaki saba, kwani hawakulipwa chochote.

Kosa kubwa lilikuwa la hesabu iliyosifiwa hapo juu. Wagonjwa wa nje 9,600 kwa dakika 10 kila mmoja ni saa 1,600 kamili. Ukiongeza robo ya kazi nyingine, mahitaji ni matabibu 1.3, aliyekuwepo ni mmoja, uwiano 0.75. Wa mkunga ulikuwa 0.47. Kwenye jedwali tabibu alionekana nafuu, basi hakuna aliyemuuliza chochote. Daftari lake la wiki mbili lilikusanywa na halikusomwa hadi mwisho. Mstari wa usiku ulionyesha alikuwa akiamshwa kila mkunga aliposhindwa kusimama, na wikiendi za kupokezana, ambazo wakunga wa jirani walikuja bila kukijua kijiji, ziliongeza usiku wake badala ya kuupunguza. Barua yake ya uhamisho ilipotafutwa ilikutwa kwenye faili, na tarehe yake ilikuwa ya mwezi wa nne, siku tisa baada ya usiku wa kufuli. Aliyevunja kufuli lile hakuwa ameitwa kwenye kikao chochote, isipokuwa kile cha kueleza chupa zilizotumika.

Nafasi yake bado iko wazi. Mkunga wa kwanza, ambaye sasa ndiye mwandamizi, anaona wagonjwa wa nje asubuhi, mwenzake anabeba kliniki. Katika daftari la mwezi wa kumi saa za mkunga mwandamizi kwa wiki mbili zilikuwa 88. Katika la mwezi wa kumi na mbili ni 126. Usiku wa kulala bila kuamshwa ulikuwa kumi kati ya kumi na nne, sasa ni mitano.